Mipaka ya Kwale: Jimbo Jipya Limfae Nani?

Tangu Lunga Lunga ilipomegwa kutoka Msambweni mwaka 2012, Kwale ina majimbo manne ya ubunge. Katiba yataka mipaka ipitiwe tena kabla ya miaka 12 kwisha. Muda huo ulipita Machi 2024, Tume ya Uchaguzi ikiwa haina makamishna.

Tukidai jimbo la tano, tukumbuke kuwa majimbo ya Kenya ni 290, wala hayaongezeki pasipo kubadili Katiba. Tutakalopewa sisi, wengine watakuwa wamenyang'anywa. Likipatikana, nionavyo mimi, lisivutwe Diani kwa ajili ya mahoteli yake. Kinango, pana na kame, ina wadi 7 kati ya 20 za kaunti, na mbunge mmoja tu.

Walimu na wanafunzi waisome Ibara ya 89 kabla wanasiasa hawajawasomea.