Maswali Yetu ya Kenya Yanaishia Isiolo

Wasee, leo sitawachekesha. Leo nataka tugombane kidogo.

Mnajua zile video zangu za maswali. Nasimama karibu na sanamu ya Tom Mboya pale Moi Avenue, maiki mkononi, nasimamisha mpita njia. Kenya ina kaunti ngapi? Mlima wa pili kwa urefu Afrika ni upi? Huyu nyuma yangu ni nani? Mtu akikosea, naikata hiyo sehemu, naweka sauti ya kicheko, naposti. Akipata, simposti. Mtu anayejua haleti watazamaji. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu niache chuo nikiwa mwaka wa pili, na imenilipia nyumba, siwezi danganya.

Kuna siku nilisimamisha dada mmoja wa rika langu. Nikamuuliza mji mkuu wa Australia. Akasema Canberra, hata hakufikiria. Nikajua huyu haendi popote. Nikamuuliza anatoka wapi, akasema Marsabit. Na mimi mjanja wa mtaa nikamwambia, "Pole aki. Hilo joto la jangwa mnaliwezaje?"

Akanitazama tu. "Umewahi kufika?"

"Bado."

"Mji wetu uko juu ya mlima. Uko na msitu, uko na ukungu. Asubuhi tunavaa sweta. Sasa na mimi nikuulize. Taja miji mitatu iliyo kaskazini ya Isiolo."

Nikasema Marsabit, juu yeye ndiye alikuwa ameitaja. Nikasema Moyale. Hapo nikaganda. Mimi, mwalimu mkuu wa kuchekelea Wakenya wasiojua Kenya! Msee wangu wa kamera alicheka mpaka picha ikatikisika. Hiyo klipu sikuiposti. Lakini bado iko kwa simu, na kila nikiitazama naona kitu kimoja: haya maswali tunayoitana wajinga nayo hayahusu Kenya. Yanahusu Kenya ya reli.

Chukua ramani. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, ikafika ziwani Kisumu 1901. Sasa angalia miji uliyofunzwa primary: Mombasa, Voi, Nairobi, Naivasha, Nakuru, Kisumu. Umeona hiyo laini? Ongeza mlima na mashamba ya chai yaliyo karibu nayo. Hiyo ndiyo nchi iliyo kichwani mwako. Kule kwingine ni rangi ya kahawia kwenye atlasi, na kwa habari ni ukame, mbuzi waliokufa na wizi wa mifugo.

Kwani hiyo rangi ya kahawia ni ndogo aje? Zaidi ya robo tatu ya ardhi ya Kenya ni maeneo kame na nusu kame. Kaunti ya Marsabit peke yake ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Nairobi yote ingeingia ndani yake zaidi ya mara 90. Sasa niambie, mtu asiyejua hata mji mmoja huko na anajua Canberra, tumwite msomi?

Mtaniambia ni sawa, hakuna watu wengi huko, silabasi haiwezi kufunza kila kitu. Zii. Kusahau huku kuliandikwa na kupigwa muhuri. Mwaka 1926 mkoloni aliifunga kaskazini yote. Kuingia ama kutoka ulihitaji kibali. Uhuru ukaja 1963, vita vya Shifta vikaanza, vikaenda hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zikabaki huko mpaka 1991. Soma tena hiyo namba. Babu yako akisherehekea uhuru hapa Nairobi, kuna Mkenya mwenzake aliyeishi chini ya sheria za dharura kwa karibu miaka 30 zaidi.

Halafu kuna ile karatasi. Mwaka 1965 serikali ilitoa Sessional Paper namba 10, na ilitoka katika wizara ya huyo huyo Tom Mboya ninayesimama chini ya sanamu yake. Ilisema pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa haraka: penye ardhi nzuri, mvua, barabara na stima. Ukiisoma haraka inasikika kama akili ya biashara. Lakini barabara na stima zilikuwa wapi 1965? Penye reli. Kwa hivyo aliyekuwa nazo akaongezewa, asiyekuwa nazo akaambiwa asubiri. Lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale, karibu kilomita 500, ilikuja kukamilika zaidi ya miaka 50 baada ya uhuru. Sisemi Mboya alikuwa mtu mbaya. Nasema nimeuliza mamia ya watu "huyu ni nani" na wengi wakanijibu vizuri, aliuawa 1969 kwenye barabara hii hii, na mimi nikaona tunajua historia. Hakuna hata siku moja nilimuuliza mtu ile karatasi ilisema nini.

Ona vile tunachagua cha kukumbuka. Mwaka 1984 kuna mambo mawili yalitokea kaskazini. Mwezi wa Agosti, Kamoya Kimeu, Mkenya mwenzetu, aliona kipande cha mfupa pale Nariokotome, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana. Ndiyo Turkana Boy, mifupa ya kijana aliyeishi karibu miaka milioni 1.5 iliyopita. Hiyo unaijua, iko kwa kitabu. Mwezi wa Februari mwaka huo huo, wanaume walikusanywa na wanajeshi kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakazuiliwa siku kadhaa kwa jua bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilikubali watu 57. Walionusurika wanasema ni mamia. Hiyo wangapi wenu mlifunzwa? Tunamjua kwa jina kijana wa miaka milioni moja na nusu, na hatujui baba za watu tunaokaa nao kwa mathree walipitia nini.

Na msiniambie hiyo ni historia. Ni leo. Kando ya Ziwa Turkana, ndani ya Kaunti ya Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Umeme wake unasafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, unaingia kwa gridi, unakuja kuchaji simu unayosomea hapa. Maziwa ya ngamia unayokunywa Eastleigh yanakuja na mabasi kutoka Isiolo, kwa mitungi ya akina mama wanaoamka kabla jogoo hajawika. Kaskazini iko kwa maisha yako kila siku. Ni vile tu haiko kwa maswali yako.

Lakini kilichonifunga mdomo kabisa ni kile huyo dada aliniambia kamera ikiwa imezimwa. Alipofika miaka 18 alienda kuchukua kitambulisho. Akapelekwa mbele ya wazee na maafisa, akaulizwa jina la babu, jina la baba ya babu, ukoo, chifu wao ni nani, wamekaa wapi tangu lini. Akarudishwa nyumbani. Akaenda tena. Rafiki yake alirudishwa mara tatu, na bila ID unajua hali: huna laini ya simu kwa jina lako, hupati kazi, na ukikutana na polisi unaanza kutetemeka.

Mimi yangu nilienda na cheti cha kuzaliwa na kopi ya ID ya mathe, nikaweka vidole, nikarudi nyumbani kula. Hakuna aliyeniuliza baba ya babu yangu, na ni heri, juu simjui.

Umeiona hiyo? Yeye aliulizwa maswali ya Kenya na akikosea anapoteza nchi. Mimi nauliza maswali ya Kenya ili nipate likes. Yule aliyelazimishwa kudhibitisha kwamba ni Mkenya ndiye anajua Kenya yote, mpaka hiyo ya reli, juu mtihani wake ulitungwa huku. Sisi ambao hatujawahi kuulizwa ndio tunajiona wenye nyumba. Februari 2025 rais alitia sahihi tangazo la kuondoa huo msasa wa ziada kwa kaunti za mpakani, na komenti nilizosoma zilijaa vijana wa rika langu wakilia ati wageni watajazana. Wageni gani? Msee hawezi kuonyesha Mandera kwa ramani lakini anajua nani si Mkenya!

Najua mtakachoandika hapo chini. "Bro, hizo video ni za kujienjoy tu." Sawa, lakini mbona tunajienjoy upande mmoja kila siku? "Hata wao wanatuita watu wa Kenya." Ni kweli, wazee wa kaskazini bado wakipanda gari la kuja Nairobi husema wanaenda Kenya. Hilo si tusi. Hiyo ni ripoti. Ungefungiwa mlango tangu 1926, wewe ungesema unaenda wapi?

"Na wewe dropout unatufunza nini?" Hakuna. Hata hao walionifunza hawakunifunza hii. Nimeisoma kwa simu, usiku, kwa aibu.

Kwa hivyo video zinabadilika. Kuanzia sasa nusu ya maswali yatatoka nje ya reli, na atakayepata ndiye nitamposti. Mkikimbia, kimbieni. Na ninaweka nauli kando, basi za Marsabit zinatoka Eastleigh, sweta ninayo.

Saa hii ni zamu yako. Weka koment: miji mitatu iliyo kaskazini ya Isiolo, bila kugoogle. Marsabit na Moyale hazihesabiwi, nishazitumia.