Mshale wa Upepo Usiotangatanga

Mtu ashukaye kutoka miteremko ya Mlima Kenya kwenda Isiolo hukutana na upepo kabla hajauona mji. Nchi ile ni tambarare kavu, yapata mita 1,100 juu ya usawa wa bahari; kusini umesimama Mlima Kenya, na mashariki viko vilima vya Nyambene. Miti mirefu ni haba, na upepo uingiapo huko haukuti kizuizi. Katikati ya mwaka, msimu wa kusi, huvuma kwa nguvu hata vumbi likafunika njia, na bati lisilopigiliwa vema likapiga kelele usiku kucha.

Mahali kama hapo wako wanaodhani ya kuwa mshale wa upepo ni pambo la juu ya paa, maana kila mtu aweza kurusha vumbi hewani akaona laenda wapi. Lakini upepo mkali hauji sawasawa. Huja kwa mikupuo, ukipinda huku na huku, na vumbi la mkononi huonyesha mkupuo mmoja tu. Mkulima anayetaka kunyunyiza dawa katika nyanya zake kando ya mto, na jirani yake ananywesha mbuzi hatua chache kutoka hapo, hana haja na mkupuo. Ataka kujua upepo wenyewe unatoka wapi.

Jambo hili lilionekana wazi mwanzoni mwa mwaka 2020. Nzige wa jangwani walioingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019 walifika Isiolo mwezi uliofuata, maana nzige huruka kwa kufuata upepo, na kundi laweza kwenda kilomita 150 kwa siku moja. Ndege zikatumwa kunyunyiza dawa. Matone madogo ya dawa hayaanguki wima. Upepo huyachukua kwanza. Rubani aliyekosea kuujua upepo huwaacha nzige wakila, na dawa yake ikaangukia mizinga ya nyuki au maji ya mifugo.

Basi mshale mwema huundwaje? Shina la jambo ni mkia. Upepo husukuma zaidi palipo na bapa kubwa, kwa hiyo mkia mpana hukimbizwa nyuma, na kichwa chembamba hubaki kikielekea upepo utokako. Kama kichwa kimepambwa kwa bati kubwa la jogoo hata kikalingana na mkia, chombo hicho hakijui kipi ni mbele na kipi ni nyuma, nacho huzunguka ovyo.

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: bapa zisilingane, lakini uzito ulingane. Mkia mpana ukiwa pia mzito, nguzo ikiinama kidogo tu, mkia huangukia upande wa chini na kukaa hapo, upepo uvume usivume. Dawa yake ni kufunga kipande cha chuma au risasi karibu na kichwa. Kabla ya kuupandisha, fundi na aushike mshale ndani ya nyumba, mhimili wake ukiwa umelala; mkia ukishuka, aongeze uzito mbele mpaka utulie popote anapouacha.

Tena, nguvu za upepo haziongezeki kama watu wanavyodhani. Mwendo wa upepo ukiwa mara mbili, nguvu yake huwa mara nne. Ukiwa mara tatu, nguvu huwa mara tisa. Mkia wa bati jembamba uliotosha asubuhi hupindika alasiri. Mkia mzito kupita kiasi nao una ila yake, maana ukishasukumwa haujui kusimama: hupita mahali pake, hurudi, hupita tena, na msomaji wake hapati neno. Ufaao ni mkia mwepesi na mgumu, juu ya mkono mrefu.

Mhimili uzunguke bila kukwama. Vumbi la Isiolo huingia kila mahali na kuganda katika grisi, kwa hiyo tundu lifunikwe kofia, nalo lisafishwe kabla ya msimu wa kusi. Mshale uliokwama ni mbaya kuliko kukosa mshale, kwa sababu watu huuamini.

Kuhusu mahali, wapimaji wa hali ya hewa huweka chombo hiki juu ya mita 10, mbali na kila kizuizi kwa mara kumi ya kimo chake. Banda la mita 4 ladai umbali wa mita 40. Shambani si rahisi, lakini paa la nyumba hupindua upepo hata mshale ulioundwa vema ukasema uongo.

Anayesoma asitazame mara moja akaondoka. Na akae dakika kumi, ashike mwelekeo wa katikati, akikumbuka ya kuwa upepo wa kusini ni ule utokao kusini, si uendao huko.

Limebaki jambo la herufi. Wazungu huandika herufi moja kwa kila upande chini ya mshale, na mafundi wetu wameiga. Lakini Kaskazini na Kusini zote huanza na K, Mashariki na Magharibi zote na M. Heri bati liongezwe kidogo, majina yaandikwe mazima.