Vumbi la mashine ya unga lina gharama

Msimu wa mavuno foleni kwenye mashine za kusaga huwa ndefu, na mwenye mashine huhesabu fedha. Kijana anayemwaga mahindi yeye hupiga chafya tangu asubuhi. Pua imeziba, paji la uso linauma, masikio kama yamejaa maji. Akiulizwa hujibu kuwa ni mafua tu.

Mafua ya kawaida huisha ndani ya wiki moja au mbili. Yanayoanza kila mtu akiingia kazini na kutulia akipumzika, hayo chanzo chake kitafutwe kazini. Vumbi la nafaka si unga mtupu. Lina vipande vya fukusi na dumuzi, utitiri wa ghalani, na ukungu wa mahindi yaliyowekwa kabla ya kukauka vizuri. Kwa mtu mwenye mzio, au aleji kama wengi wanavyoiita, ngozi laini ya ndani ya pua huvimba na kuziba vijitundu vya kutolea kamasi kutoka kwenye sainasi, yaani zile nafasi wazi ndani ya mifupa ya uso. Huweza pia kuziba mrija unaopeleka hewa sikioni. Kamasi ikituama, vijidudu hupata pa kuzaliana.

Si jambo jipya. Daktari Bernardino Ramazzini wa Italia aliyaandika maradhi ya wasagaji na wapepeta nafaka katika kitabu chake cha mwaka 1700.

Kinachotusikitisha ni fedha zinazoishia duka la dawa. Dawa za kuua bakteria haziondoi mzio. Matone ya kuzibua pua nayo, yakitumiwa zaidi ya siku chache mfululizo, huifanya pua izibe zaidi.

Sikio lina adui mwingine: kelele. Wataalamu huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kipimo rahisi ni hiki: ukilazimika kumpigia kelele mtu aliye umbali wa mkono mmoja, huenda mashine imeshapita hapo. Uziwi wa namna hiyo hauponi. Pamba ya kawaida haisaidii. Vinatakiwa vizibo vya masikio vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Wala njiti ya kiberiti isiingizwe sikioni, maana husukuma nta ndani na huweza kutoboa ngoma.

Mkulima akaushe mahindi hadi unyevu wa asilimia 13 hivi kabla ya kuyaweka ghalani. Mwenye mashine afungue madirisha, afunge mfuko wa kukusanyia vumbi, na awape vijana barakoa za kuchuja vumbi, kwani kitambaa cha khanga hupitisha chembe ndogo. Asiseme hana uwezo kabla hajapiga hesabu ya siku ambazo kijana wake haji kazini. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu mwaka 2003, na Kenya tangu 2007. Mashine ya mtaani nayo ni mahali pa kazi.

Anayetokwa usaha sikioni, anayevimba kuzunguka jicho au anayebanwa kifua aende hospitali siku hiyo hiyo.