Aliyezama ni Shahidi, Lakini Waliompeleka Je?



Ndugu zangu wazazi na wanafunzi, kila Idi ikikaribia barua za safari huanza kuletwa majumbani: basi, pilau, na kwenda Sipi. Mimi sina ugomvi na Sipi. Kutoka hapa Mbale ni mwendo wa kama saa moja tu. Mto unateremka kutoka misitu ya mlima Elgon na kuanguka mara tatu, anguko refu kuliko yote likikaribia mita 100. Mtoto akisimama pale rasharasha zikamlowesha uso, zile aya za maji kuteremshwa kutoka mbinguni, ambazo nimemhifadhisha miaka mitatu, zinamwingia siku moja. Wanaosema matembezi haya ni anasa tupu siwaungi mkono.

Ugomvi wangu ni na sisi walimu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika msafara wa watoto sitini kwenda kwenye maporomoko. Walimu tulikuwa wanne, na hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Kijana wa miaka kumi na mitatu akaingia kwenye dimbwi lililoonekana la magotini, hatua ya pili akapotea. Aliyemtoa ni mkulima wa kahawa aliyekuwa akipita njia. Sisi tulikuwa ukingoni tunapiga takbira na kulia. Kijana alipokohoa akapumua tukasema Alhamdulillah, tukala pilau, tukarudi. Barua ya mwaka uliofuata haikubadilika hata neno!

Nilipohoji nikajibiwa: ustadhi, hiyo ni qadari. Na mwingine akaniongezea kwamba aliyekufa maji ni shahidi. Subhanallah! Hadithi hiyo ni sahihi, naisomesha mwenyewe. Lakini ni liwazo kwa mama aliyefiwa, si cheti cha kumsafisha mwalimu aliyempeleka mwanawe pasipo mtu wa kumwokoa. Yule aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza kisha ategemee. Sisi tunawafungulia watoto, halafu tunategemea.

Na maji yale yana tabia zake. Chini ya anguko maji yamejaa povu, na povu halimbebi mtu kama maji matulivu. Hata anayejua kuogelea huzama zaidi. Mawe yana utelezi. Ni maji ya mlimani, baridi yake humkata mtu pumzi. Tena mvua inaweza kunyesha juu msituni nyinyi mko kwenye jua, mto ukajaa ghafla. Watu wa Mbale tuelezwe nini zaidi? Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 maji ya mlima huo huo yalijaza mito hapa mjini, zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Maji yakianza kugeuka rangi au kuleta majani na vijiti, watoto watoke wote, hata kama pilau halijaiva.

La wasichana linaniudhi zaidi. Wao tunawakalisha juu ya mawe washike viatu vya kaka zao, tunasema ni stara. Je, jiwe likiteleza, stara itamwelea? Imam an-Nasai amepokea kwa Jabir hadithi inayotaja kujifunza kuogelea miongoni mwa mambo yasiyohesabiwa kuwa upuuzi. (Ile kauli nyingine maarufu ya kuwafundisha watoto kuogelea, wanavyuoni wameizungumza sanadi yake, siitumii.) Kukodi bwawa la hoteli asubuhi moja kwa wiki, milango ikafungwa, mwalimu awe mwanamke, kuna shida gani ya kisheria? Fedha za spika mpya ya maulidi zilipatikana kwa wiki mbili.

Basi mzazi, barua ikikufikia usiulize bei ya basi kwanza. Uliza ni nani kati ya wanaokwenda anajua kuogelea, na kamba iko wapi. Ukijibiwa kwa hadithi ya shahidi, mbakishe mwanao nyumbani.

Mimi nimeanza kujifunza nikiwa na miaka arobaini na sita. Bado nakunywa maji mengi kuliko ninayoyapita, na wanafunzi wangu wananicheka sana.

Wabillahi tawfiq.