Chui wa Miraba: Habari za Kupiga Picha Katika Bustani za Wanyama

Mwalimu mmoja ametuandikia kwamba ataka kuwapeleka watoto wake wa shule kuwatazama wanyama, naye ataka kurudi na picha za kubandika ukutani mwa darasa. Auliza: afanyeje hata mnyama aonekane kama alivyo porini, wala si kama mfungwa aliye nyuma ya nondo? Swali ni zuri, nasi twalijibu kwa furaha, ijapokuwa jibu letu halina budi kuanza na aibu yetu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda Nairobi, kwenye Makao ya Wanyama Yatima yaliyo karibu na lango kuu la mbuga ya taifa. Makao hayo yalianzishwa mwaka 1964 ili kuwatunza wanyama walioachwa na mama zao au walioumizwa. Safari ilituchelewesha, tukafika saa sita, jua likiwa utosini. Chui alikuwa amelala karibu sana na wavu. Tulisogeza kamera mpaka waya zikatoweka machoni petu, tukapiga. Picha ilipokuwa tayari tulijisifu, maana haikuonekana waya hata moja. Tukaitundika shuleni, na wageni wakatuuliza, "Mlimkuta wapi huyu, Mara au Tsavo?" nasi tukacheka tu, hatukujibu.

Hata siku moja mtoto wa darasa la tatu akasimama mbele ya picha ile, akaitazama kwa muda, akasema, "Mwalimu, mbona chui huyu ana miraba mgongoni?" Tukatazama. Kweli! Waya hazikuwamo, lakini kivuli chake kilikuwa kimelala juu ya manyoya ya chui tangu bega hata mkia, kama karatasi ya daftari la hesabu. Tulikuwa tumepita mbele ya picha ile muhula mzima tusiione.

Basi, neno la kwanza ni nuru, maana nuru ndiyo iliyotusaliti. Nairobi iko karibu na Ikweta, na jua la adhuhuri huanguka kutoka juu moja kwa moja. Mgongo wa mnyama hung'aa kupita kiasi, macho yake huwa mashimo mawili meusi, na kila waya iliyo juu yake humchora. Yafaa zaidi kufika asubuhi mara milango inapofunguliwa, au kungoja alasiri jua linapoanza kulala upande, ndipo nuru humwingia mnyama machoni na manyoya huonekana moja moja. Lakini sisi twapenda zaidi mwezi wa Julai. Wakati huo wa baridi mbingu ya Nairobi aghalabu hufunikwa na mawingu, na watu wengi huziacha kamera zao nyumbani wakisema hakuna jua. Walakini wingu lafanya kazi ya shuka nyeupe iliyotandwa mbele ya taa: nuru huenea pande zote, vivuli huwa laini, wala wavu hauna nguvu ya kumchora mtu wala mnyama. Asiyeweza kuchagua siku wala saa, na amngoje mnyama aingie kivulini mwa mti, ampige picha humo.

Neno la pili ni ule wavu wenyewe. Jicho la kamera huona wazi kwa umbali mmoja tu. Kitu kilicho karibu mno na kioo chake huyeyuka kama ukungu. Kwa hiyo kioo na kiwe karibu na wavu kadiri iwezekanavyo, tundu la kuingizia nuru lifunguliwe kabisa, na mnyama awe mbali na wavu kwa upande wake. Hapo ndipo tulipokosa: chui wetu alikuwa amejilaza kwenye wavu, na kivuli kikampata. Angekuwa amesogea katikati ya ua wake, pengine asingekuwa na mraba hata mmoja. Tena chagua mahali ambapo waya zimo kivulini, kwa sababu waya iliyopigwa na jua hutia weupe juu ya picha yote. Kofia ikishikwa juu yake yatosha kuifunika. Wenye simu za mkononi wana faida ambayo wenye kamera kubwa huwaonea wivu, kwa kuwa kioo kidogo cha simu huweza kutazama katikati ya tundu moja la wavu. Lakini palipo na kizuizi cha mbele, kaa nyuma yake, simu na kamera zisivuke. Chui hatofautishi kidole na nyama ya saa tisa.

Mahali penye ukuta wa kioo, gusisha kamera kwenye kioo hicho, uzingire kwa kitambaa cheusi ili usijipige picha mwenyewe, wala usiwashe taa ya kamera.

Kisha piga magoti. Twajua ya kuwa wengine huona haya kuchafua suruali mbele ya wanafunzi wao, lakini mnyama atazamwaye kutoka juu huonekana kama kitu kilichowekwa sakafuni. Mtazame macho kwa macho, nyuma yake patakuwa majani badala ya saruji. Hatua mbili za kando zatosha kuficha birika, ufagio, au mlango wa chuma nyuma ya kichaka.

Zaidi ya hayo yote ni kungoja. Mlinzi mmoja, mtu mzima sana, alituona tukimpigia simba mluzi ili ageuke, akatuambia, "Mwalimu, huyo amesikia miluzi tangu utoto wake. Ngojeni mtu wa chakula." Tukangoja karibu saa nzima, watoto wakachoka, wakaanza kula mikate yao. Mara simba akanyanyua kichwa, masikio yakasimama, macho yakatazama mbali kupita sisi sote. Hakuna mluzi uwezao kuleta uso ule. Wako pia wanyama waendao na kurudi njia ile ile kutwa nzima mpaka nyasi zikafa chini ya miguu yao. Mnyama huyo hutoa picha nzuri sana, kama yuko matembezini, nasi hatupendi kuipiga.

Hamu hii ya kuficha kizimba si ya wapiga picha peke yao. Mwaka 1907 Carl Hagenbeck alifungua bustani yake Stellingen, karibu na Hamburg katika Ujerumani, akaondoa nondo na kuchimba mahandaki yasiyoonekana, hata mtazamaji akadhani simba wamo pamoja na wanyama wengine katika uwanda mmoja. Mtu huyo huyo, na hili hatulifichi, aliwaonyesha hata watu wa mataifa ya mbali katika maonyesho yake, wakitazamwa kwa kiingilio.

Lakini twajiuliza kama kuficha ni kuzuri siku zote. Palikuwa na aina ya punda milia katika Afrika ya Kusini aitwaye kwaga, mwenye milia hasa kichwani na shingoni, nyuma yake rangi ya udongo. Wa mwisho alikufa katika bustani ya wanyama ya Amsterdam tarehe 12 Agosti 1883. Kwaga mmoja tu ndiye ajulikanaye kuwa alipigwa picha akiwa hai, jike aliyekuwako katika bustani ya London, aliyekufa mwaka 1872. Picha zake ni tano. Amesimama uani, ukuta nyuma yake, wala waliompiga hawakusingizia kuwa walimkuta malishoni. Kwa ukuta huo twajua alikuwa wapi.

Picha ya chui wetu bado ingali darasani. Tulimwomba mtoto yule aandike maneno chini yake, naye akaandika kwa mkono wake: "Chui. Makao ya Wanyama Yatima, Nairobi." Kisha kwa hiari yake akaongeza: "Miraba ni kivuli cha waya."