Mbona Catherine Apewe Gurudumu?

Bila shaka wengi wenu mmewahi kuiona picha ya Mtakatifu Catherine wa Alexandria, bikira shahidi wa kule Misri. Kando yake pana gurudumu lenye miiba. Hata ile fataki izungukayo ikitoa cheche, Waingereza waliiita kwa jina lake. Mimi naona gurudumu hilo limemponza.

Hebu tusikilize kisa chenyewe. Binti wa miaka 18, msomi hasa, anamwendea Kaisari Maxentius kumlaumu kwa kuwatesa Wakristo. Kaisari anakosa jibu. Anaita wanafalsafa 50 waje kumzima. Hamsini, jamani, kwa msichana mmoja! Binti akawajibu hoja kwa hoja hadi wote wakasalimu amri, wakawa Wakristo. Kaisari kwa hasira akaamuru wachomwe moto. Ndipo likaletwa gurudumu la kumtesea binti, nalo likavunjika. Mwishowe akakatwa kichwa kwa upanga.

Yaani gurudumu lilishindwa kazi! Kilichoshinda ni hoja. Lakini Raphael alipomchora, yapata mwaka 1507, alimwegemeza kwenye gurudumu lile lile, kitabu hakuna.

Najua yupo atakayeniuliza, "Kwani huyo mtu aliishi kweli?" Swali zuri. Hakuna maandishi ya wakati wake yanayomtaja, na Maxentius alitawala Roma, wala si Misri. Kanisa Katoliki liliiondoa sikukuu yake ya Novemba 25 katika kalenda mwaka 1969, kisha likairudisha mwaka 2002. Sibishani na wanahistoria. Hata hivyo, watu wa kale walipowatafutia wanafunzi msimamizi, walimchukua msichana aliyesimama mbele ya wazee akasema. Hilo halikuwa jambo dogo.

Sasa tazameni midahalo yetu. Msichana akiinuka kupinga hoja, viti vya nyuma vinaanza kuguna. Akikosea anachekwa, akipatia, ati ana mdomo. Mvulana naye akitoa upuzi kwa sauti nzito anapigiwa makofi! Ndiyo maana wasichana wengi wenye akili wameamua kuwa waandishi wa kumbukumbu tu.

Nawaomba walimu walezi wa chama, katika mdahalo wa kwanza wa muhula ujao, wasemaji wakuu wa pande zote mbili wawe wasichana. Wenye kuguna wapewe nafasi ya kujibu, mmoja mmoja, kwa hoja. Waje hata hamsini.