Machozi ya Mtazamaji na Kiburi cha Mhakiki: Juu ya Mwisho wa Evangelion

Jioni ya Jumatano, tarehe 27 Machi 1996, stesheni ya televisheni ya TV Tokyo nchini Japani ilionyesha sehemu ya 26, ambayo ndiyo ya mwisho, ya mfululizo wa vibonzo uitwao Neon Genesis Evangelion. Mfululizo huo ulikuwa umeanza tarehe 4 Oktoba 1995. Aliyeuongoza ni Hideaki Anno wa studio ya Gainax. Kwa takriban miezi sita watazamaji walikuwa wamemfuata Shinji Ikari, mvulana wa miaka kumi na minne aliyeitwa na baba asiyemjali ili aliendeshe jitu la vita dhidi ya viumbe waitwao Malaika. Waliketi wakingoja kilele: vita vya mwisho, siri zifumbuliwe, baba ajibu mashtaka ya mwanawe. Walichoonyeshwa ni ukumbi wa giza, mvulana juu ya kiti chini ya taa, maswali yaliyoandikwa kwa maneno matupu kwenye kioo, picha zilizokwisha kuonekana zikirudiwa, na michoro ya penseli ambayo haijatiwa rangi. Hatimaye wahusika wote walimzunguka Shinji, wakampigia makofi na kumpa hongera. Naye akatabasamu. Basi, hadithi ikawa imekwisha.

Wapo waliolia, wapo waliokasirika mno, na wapo waliofanya yote mawili kwa wakati mmoja. Tangu siku hiyo machozi na hasira hiyo vimetajwa katika uhakiki kama kichekesho, au kama ugonjwa wa vijana wasiojua kusoma sanaa. Hapo ndipo uhakiki ulipokosea. Mwitiko ule ni ushahidi juu ya umbo la kazi yenyewe, na mhakiki anayeutupa hubaki na nusu ya matini.

Hoja kwamba vibonzo ni mambo ya watoto haihitaji kujibiwa kwa kirefu. Ngano nazo ziliwahi kuitwa mambo ya watoto, na leo hakuna idara ya Kiswahili isiyozifundisha. Pingamizi lenye uzito ni lile linalotoka kwa wasomi wenyewe, wanaodai kwamba hisia za mpokeaji si sehemu ya uhakiki hata kidogo. Hao hukimbilia kwa Wimsatt na Beardsley, Wamarekani wawili ambao mwaka 1949 walichapisha makala mashuhuri wakiliita kosa tendo la kuchanganya shairi na athari zake kwa msomaji. Tangu hapo mwanafunzi wa uzamili huagizwa aifute sentensi isemayo kwamba kitabu kilimliza, aandike mahali pake kwamba mwandishi "amefaulu kuibua taharuki". Lakini taharuki ya nani? Imeibuliwa wapi, kama si katika kifua cha mtu? Sentensi ya kwanza ilikuwa na mtu ndani yake. Ya pili ina msamiati tu.

Isitoshe, wanaowataja Wimsatt na Beardsley ni nadra kuwasoma hadi mwisho. Katika makala ile ile wawili hao wanakiri kwamba kadiri maelezo ya hisia yanavyokuwa mahususi, ndivyo yanavyokaribia kuwa maelezo ya sababu za hisia hizo, yaani maelezo ya shairi lenyewe. Walichokikataa ni hisia ya jumla jumla, ile isemayo tu kwamba kazi fulani inagusa moyo. Hawakumkataza mtu kueleza ni nini kilichomgusa, katika tukio lipi, na kwa mbinu gani. Kwa kipimo hicho, mengi yanayosemwa na watazamaji wa Evangelion ni uhakiki halali kuliko kurasa nyingi za tasnifu.

Itazamwe sehemu ya 24. Kaworu Nagisa, rafiki wa pekee anayemwonyesha Shinji upendo bila masharti, anagundulika kuwa ni Malaika wa mwisho. Shinji anamshika katika kiganja cha lile jitu, na Kaworu mwenyewe anaomba auawe. Hapo picha inasimama. Kwa takriban dakika nzima hakuna kinachosogea kwenye kioo, huku Simfoni ya Tisa ya Beethoven ikiendelea kuimbwa. Kisha muziki unakatika ghafla, na tendo limekwisha. Mtazamaji anayesema kwamba alilia hapo hasemi habari za udhaifu wake. Anasema kwamba kutosogea kwa picha kulimlazimisha kukaa ndani ya uamuzi wa mtoto kwa muda uleule ambao mtoto alikaa nao. Huo ni uchambuzi wa wakati wa usimulizi, na machozi ndiyo yaliyomfikisha hapo. Mchambuzi aliyeitazama dakika ile kwa macho makavu huenda akaandika kwamba studio ilikuwa ikibana matumizi. Huenda hata hilo lina ukweli, kwa maana ratiba ya utengenezaji ilikuwa imekwisha kuzidiwa. Lakini uhaba wa muda haukuchagua sekunde ya kuukata muziki.

Sasa hasira. Inasemwa kwamba watazamaji walikasirika kwa sababu hawakuelewa. Kauli hiyo ni ya majivuno, tena si ya kweli. Mfululizo ule ulikuwa umefunga mikataba miwili na mtazamaji. Mmoja ni wa mafumbo: Malaika hawa ni nani, wale wazee wanaopanga njama gizani wanataka nini, na ule mpango wa kuziyeyusha nafsi za binadamu wote ziwe nafsi moja utaishia wapi. Wa pili ni wa moyo: je, mtoto anayeamini kwamba anapendwa pale tu anapotumika, ataweza kuishi? Mkataba wa kwanza ulitiwa saini upya takriban kila juma, kwa maana mwishoni mwa sehemu nyingi sauti ya Misato, mlezi wa Shinji, iliitangaza sehemu ifuatayo na kumwahidi mtazamaji nyongeza. Sehemu za 25 na 26 ziliutimiza mkataba wa pili na kuuvunja wa kwanza bila hata kuomba radhi. Waliolia waliona kilichotimizwa. Waliokasirika waliona kilichovunjwa. Aliyelia na kukasirika kwa pamoja ndiye aliyeisoma kazi ile sawasawa, maana aliisoma yote.

Jauss, katika mihadhara na maandishi yake tangu mwaka 1967, alifundisha kwamba kazi ya sanaa hupokewa dhidi ya upeo wa matarajio, na kwamba umbali kati ya upeo huo na kazi yenyewe ni jambo la kuchunguzwa. Naye Aristotle alikwisha kuonya kwamba fundo la hadithi lifunguliwe na msuko wenyewe, lisifunguliwe na mtambo unaoteremshwa kutoka juu ya jukwaa. Makofi ya sehemu ya 26 yana kitu cha mtambo huo ndani yake. Mvulana anaambiwa kwamba anaruhusiwa kuwako, na anakubali. Lakini baba yake, ambaye ndiye aliyemfunga, hajamjibu. Mtazamaji aliyegonga meza kwa ghadhabu pengine hakuwahi kumsikia Aristotle, lakini aliugonga uleule ufa.

Kuna wahakiki wa upande wa pili, nao ni hatari zaidi kwa kuwa wanajidai kuipenda kazi hiyo. Hao huusifu mwisho ule kuwa ni uvunjaji wa kijasiri wa masimulizi, kisha humcheka aliyeumia. Kwao kila kasoro ni mkakati. Sifa za namna hiyo hazimheshimu msanii, kwa kuwa zinamnyima uwezo wa kushindwa. Anno mwenyewe hakuzihitaji. Tarehe 19 Julai 1997 ilitoka filamu iitwayo The End of Evangelion, iliyousimulia upya mwisho huo kutoka upande wa nje: vita, damu, na dunia ikiyeyuka na kuwa bahari nyekundu. Katikati ya filamu hiyo michoro inakoma na picha halisi zinaingia. Watazamaji wanaonekana wameketi katika ukumbi wa sinema. Kisha ujumbe uliopelekewa watengenezaji unapita kwa kasi kwenye kioo, baadhi yake ukiwa wa chuki, pamoja na matusi yaliyoandikwa ukutani mwa studio.

Mhakiki asiyetambua mwitiko wa hadhira ataufanyia nini ujumbe huo? Hawezi kuupuuza, kwani umo ndani ya matini. Hawezi pia kuufasiri, kwa sababu nadharia yake imemkataza kukiri kwamba kuna watu waliouandika. Filamu hiyo ni jibu, na jibu halisomeki pasipo swali. Ifahamike hapa kwamba anayemtishia maisha mtunzi ametoka nje ya uhakiki na kuingia katika uhalifu. Lakini ukatili wa wachache umetumiwa muda mrefu kama kisingizio cha kutowasikiliza wengi, na filamu yenyewe haikukubali kisingizio hicho.

Katika idara za Kiswahili jambo hili lina kinaya chake. Asubuhi mwanafunzi hufundishwa, katika somo la fasihi simulizi, kwamba hadhira ni sehemu ya utendaji: hucheka, hudakiza, huitikia, na fanani hubadilisha mwendo kwa kuisikia. Alasiri ya siku hiyohiyo, katika somo la riwaya, hufundishwa kwamba hadhira haipo. Euphrase Kezilahabi alipotoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, msomaji aliyemjua kwa Rosa Mistika na Kichwamaji alijikuta katika ulimwengu usio na njia alizozizoea. Mengi yameandikwa juu ya falsafa ya vitabu hivyo viwili. Ni machache mno yaliyoandikwa juu ya msomaji yule aliyekifunga kitabu akihisi ameachwa jangwani, ilhali upweke wake ulikuwa ni mojawapo ya mambo ambayo vitabu hivyo vilimfanyia. Akikaa kimya darasani kwa kuogopa kuonekana mjinga, ni mwalimu aliyemfunza woga huo.

Hata katika tafsiri hisia huona kile ambacho taaluma hukipita. Mwezi Juni 2019 Netflix ilipoutoa mfululizo huu kwa tafsiri mpya ya Kiingereza, maneno ya Kaworu kwa Shinji yalipunguzwa kutoka kumpenda hadi kupendezwa naye tu, na malalamiko yakazuka. Kijapani kilikuwa kimeliacha neno hilo katikati. Kiswahili kingemwokoa mfasiri, kwa kuwa "nakupenda" hukaa katikati vilevile, na msikilizaji hulazimika kuamua mwenyewe. Waliolalamika walikuwa wakitetea utata wa neno moja, kazi ambayo kwa kawaida mtu hulipwa mshahara wa chuo kikuu kuifanya.

Mwaka 2021 Anno aliufunga mfululizo huu kwa mara ya tatu, katika filamu ya nne na ya mwisho ya zile zilizoanza kutolewa upya mwaka 2007. Mtoto aliyekuwa na umri wa Shinji mwaka 1995 alikuwa sasa mtu wa takriban miaka arobaini. Katika filamu hiyo baba na mwana wanazungumza hatimaye, na baba anaeleza upweke wake mwenyewe. Baada ya hapo Shinji anawaaga wengine mmoja mmoja. Picha ya mwisho ni ya kituo halisi cha treni huko Ube, mji alikozaliwa Anno, ambako Shinji, sasa mtu mzima, anatoka mbio akiwa ameshikana mkono na mwenzake. Ujumbe ni uleule wa mwaka 1996: mtu anaruhusiwa kuwako duniani pamoja na wengine. Lakini safari hii wengi walilia bila ghadhabu. Wale wanaodai kwamba hasira ya 1996 ilitokana na kutoelewa ujumbe wana deni la kueleza jambo hilo. Ujumbe haukubadilika. Kilichoongezwa ni baba aliyejibu.